Watoto watatu kwenye jiwe moja

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa sita Uingereza. Naishi Longwood, kitongoji cha mlimani magharibi mwa mji wa Huddersfield. Nikienda kupanda basi napita kwenye makaburi ya zamani, na kuna jiwe moja lenye watoto watatu wa baba na mama mmoja. Wa kwanza alifariki Februari 1897 akiwa na siku 9. Wa pili Agosti 1899, miezi 7. Wa tatu Machi 1901, miezi 11. Huku ni juu, hewa nzuri, nyumba za mawe, si uswahilini kwenye moshi. Sasa hawa watoto waliuawa na nini? Wenzangu kazini wanasema ni akina mama waliowaacha watoto wakaenda viwandani. Na ni kweli kwamba kulikuwa na meya aliyetoa pauni moja kwa kila mtoto asife?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo jepesi: ni kweli. Meya aliitwa Benjamin Broadbent. Alishika umeya wa Huddersfield Novemba 1904, akaahidi pauni moja kwa kila mtoto atakayezaliwa Longwood katika mwaka wake wa uongozi, ilipwe siku mtoto atakapotimiza mwaka mmoja. Nitarudi kwake. Nimecheka kidogo niliposoma barua yako, maana miaka yote niliyofundisha afya ya jamii nimekuwa nikiitaja Longwood ubaoni bila kuwahi kuiona, na wewe unapanda basi hapo kila asubuhi.

Hilo la hewa nzuri nalo hukukosea. Katika miaka kumi kabla ya pauni ya Broadbent, Longwood ilikuwa ikipoteza wastani wa watoto 122 kabla ya kutimiza mwaka, kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Ni mmoja kati ya wanane. Uingereza nzima, tukiiunganisha na Wales, ilikuwa 163 mwaka 1899 na 154 mwaka 1900. Kwa hiyo kitongoji chako kilikuwa afadhali kuliko nchi kwa jumla. Ndivyo ilivyokuwa kwa vitongoji vingi vya pembezoni: nafasi zaidi, msongamano mdogo, vijumba vya mgongo kwa mgongo, vinavyoshiriki ukuta wa nyuma, vichache. Ila "afadhali" hiyo ni ya kuzika mtoto mmoja kila mlango wa nane, na ndiyo maana jiwe lako lina watatu.

Sasa, ukienda ofisi ya kumbukumbu ukafungua daftari la vifo la miaka ile, usitegemee kupata jibu kirahisi. Utakuta degedege. Utakuta "kuota meno". Utakuta "udhaifu tangu kuzaliwa", "kukonda", "kuhara", mkamba, kichomi. Haya mengi si sababu, ni majina ya mlango wa mwisho ambao mtoto alitokea. Mtoto yeyote anayekaribia kufa kwa homa kali au kwa kuishiwa maji anaweza kupata degedege, na daktari aliyeitwa saa ya mwisho akaona mwili unatetemeka, akaandika alichokiona. Bibi zetu wa Tanga nao wangesema degedege, ingawa wao wangemtafuta ndege aliyepita juu ya nyumba. Meno ndiyo hasa yanayonifurahisha, kama neno hilo linafaa hapa: mtoto wa miezi saba anaota meno, naye ndiye aliyeanza kupewa vyakula vya chupa na kijiko, kwa hiyo anaharisha wakati uleule. Jino linaonekana, bakteria haonekani, lawama ikaenda kwa jino. Wewe ni muuguzi, najua umeshasikia mama akikuambia "ni meno tu".

Kuna na yale yaliyofichwa. Cheti cha sababu ya kifo kilikabidhiwa kwa ndugu ili akipeleke kwa msajili. Daktari gani wa mtaa angeandika "kaswende" kisha ampe karatasi hiyo baba mtu mkononi? Angeandika udhaifu, au njiti, na familia ingebaki mteja wake. Kwa hiyo takwimu za kaswende ya watoto za wakati ule zisome ukijua kuwa ni pungufu. Na mtoto aliyekutwa asubuhi amekufa kitandani katikati ya wazazi aliandikwa "kalaliwa", hasa ikiwa ni Jumapili asubuhi baada ya baba kutoka kilabuni. Mwaka 1908 sheria ya watoto ikaanza kumwadhibu mzazi aliyemlalia mtoto akiwa amelewa. Wengine kati ya hao bila shaka walikufa kifo ambacho leo mngekiita cha ghafla kisicho na maelezo, na mama akaishi na aibu asiyostahili.

Tuwachukue watoto wako mmoja mmoja. Siwezi kukuambia kwa uhakika kila mmoja alikufa kwa nini, hakuna awezaye kwa kutazama jiwe, ila umri na mwezi vinasema mengi kuliko unavyodhani.

Yule wa siku tisa. Mtoto anayekufa ndani ya mwezi wa kwanza mara nyingi amekuja na kifo chake tumboni au amekipata siku ya kuzaliwa: njiti, maumbile yenye kasoro, kuumia wakati wa uchungu, kitovu kuoza. Mama za watoto kama huyu walikuwa wasichana waliokulia mijini penye moshi na chakula hafifu. Wengine walikuwa na matege ya utotoni yaliyobana nyonga, na uzazi ukawa wa kuvutana. Aliyemzalisha mwaka 1897 huenda alikuwa jirani mzoefu tu. Sheria ya wakunga ilipitishwa 1902, na mkunga asiye na cheti hakuzuiwa kufanya kazi hiyo kwa malipo hadi 1910. Hospitali zenye kumpasha njiti joto na kumlisha kwa mrija hazikuwepo kwa mtoto wa fundi wa sufu. Mnamo miaka ya 1906 hadi 1910 vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa karibu 40 kwa kila 1,000, yaani theluthi ya vifo vyote vya mwaka wa kwanza, na sehemu hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kushuka. Kila kitu kingine nitakachokueleza kilipungua haraka baada ya 1900. Hiki kilijikokota.

Sasa huyu wa Agosti, miezi saba. Hapa ndipo nataka tukae.

Mwaka 1899 majira ya joto yalikuwa makali, na kuhara kwa watoto kuliua kila mji. Waingereza walikuwa na jina kabisa la ugonjwa huo, kuhara kwa kiangazi. Ulikuwa unaingia Julai, unafika kileleni Agosti au mwanzoni mwa Septemba, halafu unaondoka na baridi. Kabla ya hapo, miaka ya 1880, daktari mmoja wa serikali aliyeitwa Edward Ballard alilinganisha vifo na vipimajoto vilivyochimbiwa ardhini, akagundua kitu cha ajabu: vifo havikupanda siku joto lilipopanda, vilipanda pale joto la udongo, futi nne kwenda chini, lilipofika nyuzi 56 za Farenihaiti, yaani kama 13 za Selisiasi. Yeye akafikiri sumu inatoka ardhini. Alikosea kuhusu sumu, lakini kipimo chake kilikuwa cha kweli. Udongo wa futi nne hauchemki kwa siku moja. Ukiwa na nyuzi 13 maana yake joto limekaa wiki kadhaa mfululizo. Na nani anahitaji wiki kadhaa za joto mfululizo? Nzi.

Nzi anazaliana kwenye samadi. Huddersfield ya 1899 ilikuwa mji wa farasi kama mji wowote wa wakati ule: wa muuza maziwa, wa makaa, wa sufu, wa daktari mwenyewe. Kila zizi lilikuwa na lundo lake. Ongeza vyoo. Miji mingi ya kaskazini bado ilitumia vyoo vya shimo lenye majivu au vya ndoo iliyokusanywa na halmashauri kwa zamu, na madaktari wa afya wa miji hiyo walirudia kuandika kwamba mitaa ya vyoo vya shimo na ndoo ilizika watoto wa kuhara wengi kuliko mitaa ya vyoo vya kuvuta maji. Huko Manchester, mganga mkuu wa afya wa mji, James Niven, aliwatega nzi na kuwahesabu wiki kwa wiki, akaweka hesabu yao pembeni ya hesabu ya vifo. Nzi walipanda kwanza, vifo vikafuata nyuma yao, kisha vikashuka pamoja.

Nzi huyo katoka chooni. Anaenda wapi? Kwenye maziwa. Maziwa yalifika mlangoni kwa mkokoteni, kwenye debe kubwa, muuzaji akachota kwa kipimo cha bati na kumimina kwenye jagi la mama. Ng'ombe alikamuliwa jana jioni au alfajiri kwa mikono ambayo hakuna aliyeikagua. Hakuna friji. Jagi likakaa kabatini, au dirishani penye hewa, limefunikwa kitambaa au halikufunikwa. Wauzaji wengine waliongeza asidi ya boriki ili yasichachuke njiani, jambo lililoficha kuharibika kwa maziwa bila kuondoa hatari yake. (Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kilipita humohumo. Mwaka 1901 Robert Koch, mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, alisimama London na kusema maziwa si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya kifalme ikatumia miaka kumi kuonyesha kuwa amekosea.)

Halafu chupa. Niliwahi kuishika moja kwenye mkusanyiko wa vifaa vya zamani, na tangu siku hiyo sijaisahau. Ni kioo bapa, kinalala chenyewe kama kibuyu kilichobanwa. Shingoni pana kizibo, na kwenye kizibo unatoka mrija mwembamba wa mpira, mrefu kama kutoka kiganja chako hadi kiwiko, mwishoni una chuchu. Uzuri wake ni kwamba mtoto alilala kitandani na chupa pembeni yake, chuchu mdomoni, akinyonya mwenyewe saa mbili tatu huku mama akifua. Jaribu kuuosha mrija huo. Brashi haipiti. Maji unayamimina, yanatoka upande wa pili, unadhani umesafisha. Ule niliouona ulikuwa umepasuka, na ndani ulikuwa na utando mgumu wa kahawia kama ndani ya bomba la mtaro. Watu wa wakati huo wenyewe waliziita chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku mwaka 1910. Uingereza haikuzipiga marufuku, iliwashauri tu akina mama wanunue zenye umbo la mtumbwi, zilizo wazi pande zote mbili.

Aliyeshindwa bei ya maziwa ya ng'ombe alinunua ya kopo, yale mazito yenye sukari. Ya bei ya chini kabisa yalikuwa yameondolewa mafuta kwa mashine. Kopo likishafunguliwa sukari inayafanya yasichachuke upesi, hivyo linakaa siku kadhaa mezani, ukingo wake unanata, na nzi wanajua. Mtoto wake ananenepa, anapendeza, kila jirani anamsifu. Mifupa yake laini, na akiharisha hana akiba.

Tofauti hii ilipimwa. Huko Derby mganga mkuu wa mji aliwafuatilia watoto zaidi ya 8,000 waliozaliwa mwanzoni mwa karne, akaandika kila mmoja analishwa nini. Walionyonya maziwa ya mama tu walikufa kama 70 kwa kila 1,000. Waliochanganyiwa, 99. Waliolishwa kwa chupa tu, 198. Unaweza kubisha kwamba baadhi ya wa chupa walikuwa tayari dhaifu au mama zao wagonjwa, na ungekuwa sahihi, lakini pengo la karibu mara tatu halizibwi na hoja hiyo.

Na alipoharisha walimfanyia nini? Hapa wewe utaumia. Walimpa mafuta ya nyonyo ili "kusafisha tumbo". Walimpa dawa ya kutuliza yenye afyuni, ambayo iliuzwa dukani kwa jina la upole. Matone ya brandi. Ndani ya siku mbili utosi umebonyea, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama, mtoto halii tena kwa machozi. Chumvi, sukari na maji yaliyochemshwa, ambavyo vingemrudishia maji mwilini, vilikuwepo jikoni, vyote vitatu, kwenye rafu moja.

Wa Machi, miezi kumi na moja, nitampita haraka. Ni mwezi wa vifua. Nyumba moja, moto mmoja, dirisha limezibwa, na ikiwa kulikuwa na kaka au dada mkubwa, alirudi shuleni na surua au kifaduro. Surua yenyewe au kifaduro chenyewe vinaweza visiandikwe. Kinachoandikwa ni mkamba au kichomi kilichofuata wiki mbili baadaye. Hakuna dawa ya kuua bakteria kwa miaka mingine thelathini na zaidi. Mtoto wa tajiri naye alikufa kwa hili, ila mara chache zaidi, maana alikuwa na chumba chake.

Turudi kwa wenzako wa kazini na akina mama wa viwandani.

Hoja hiyo ni ya zamani kama jiwe lako. George Newman, aliyekuja kuwa mmoja wa wakubwa wa tiba Uingereza, aliandika kitabu kizima mwaka 1906 kuhusu vifo vya wachanga, na ingawa alijua vizuri habari za vyoo na maziwa, mizani yake iliangukia kwa mama: ujinga wake, uzembe wake, kazi yake nje ya nyumba. Serikali nayo ilikuwa na wasiwasi wake. Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, vilionyesha kuwa vijana wengi wa mijini waliotaka jeshi hawafai, kamati ikaundwa, na ripoti ya 1904 ikafanya mtoto mchanga kuwa suala la dola. Dola ikitafuta wa kumlaumu, mama wa mtaa wa chini ndiye aliye karibu. Kwetu pwani mtoto akikonda wazee wanasema kabemendwa, wazazi hawakujizuia. Daktari wa Kiingereza hakusema hivyo, lakini kidole chake kilielekea nyumba ileile.

Takwimu za sensa ya 1911 zinaivunja hoja hiyo vibaya. Msajili mkuu alipanga vifo vya wachanga kwa kazi ya baba. Watoto wa wenye taaluma na matajiri: 76 kwa kila 1,000. Wa vibarua wasio na ujuzi: 153. Wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ambako wake ndio hasa waliokuwa mashineni: 148. Sasa wachimba makaa. Mke wa mchimba makaa kwa kawaida hakwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kumwogesha mume na kufua masizi. Watoto wake: 160, wabaya kuliko wote. Na kibarua wa shambani, maskini kuliko karibu wote hao kwa mshahara: 97. Kama kazi ya mama ndiyo muuaji mkuu, mke wa mchimba makaa angekuwa mshindi. Kama ni umaskini peke yake, wa shambani angekuwa wa mwisho. Kilichomwokoa wa shambani ni kwamba aliishi mbali na uchafu wa watu wengine.

Na ukitaka hoja fupi zaidi ya kumjibu mtu mezani: mwaka 1911 kiangazi kilikuwa cha moto, kiwango cha nchi kikawa 130. Mwaka 1912 kiangazi kilikuwa baridi na mvua, kikawa 95. Mama ni walewale, chupa ni zilezile. Hakuna aliyeelimika ndani ya miezi kumi na miwili. Mvua ilinyesha.

Sisemi fedha si kitu. Seebohm Rowntree alikokotoa mjini York, karibu na kwenu, kwamba familia ya watu watano ilihitaji shilingi 21 na peni 8 kwa wiki ili mwili tu uende, bila gazeti, bila nauli, bila soda ya mtoto. Na vibarua wengi walipata shilingi 18 hadi 21. Wamarekani nao walipima jambo hilo muda mfupi baadaye. Ofisi yao mpya ya watoto, chini ya Julia Lathrop, ilikwenda mji wa chuma wa Johnstown, Pennsylvania, nyumba kwa nyumba, ikauliza kila mama. Mji mzima ulikuwa 134 kwa kila 1,000, lakini ambako baba alipata chini ya dola 521 kwa mwaka, watoto walikufa 256. Robo. Mtaa mmoja wa pale ulikuwa umepitisha hata hiyo. Baada ya hapo wakaenda Montclair, New Jersey, kitongoji cha matajiri nje ya mji, wakitegemea picha nzuri, nayo jumla ilikuwa nzuri, kama 85. Ukiigawa kata kwa kata, ile walikoishi watumishi na wafanyakazi wa hao matajiri ndiyo iliyobeba vifo. Kitongoji kizuri daima kina mtaa wake wa nyuma, wanakolala wafua nguo na watunza bustani, na wastani unawaficha.

Sasa Broadbent na pauni yake. Shilingi 20, karibu mshahara wa wiki moja wa kibarua. Watu wanadhani ni hongo: mpe mama fedha, atamtunza mtoto. Mama gani anahitaji hongo asimwache mwanawe afe? Broadbent mwenyewe hakuwa mjinga kiasi hicho. Ahadi ilikuwa kadi, ikiwa na maelekezo ya malezi, na ili uipate lazima ujulishe kwamba umejifungua. Hapo ndipo siri ilipo. Sheria ya nchi ilimpa mzazi siku 42 kuandikisha kizazi. Fikiria kama mtu wa kliniki: theluthi ya watakaokufa wamekufa kabla ya daftari kujua walizaliwa, na waliobaki chupa imeshaingia mdomoni na titi limeshakauka. Kumtembelea mama siku ya 42 na kumwambia anyonyeshe ni kumletea mwavuli wakati ameshalowa. Kwa pauni ile, Longwood ilijua watoto wake ndani ya siku chache, na wanawake wa kujitolea wakaenda mlangoni kwa mama mmoja mmoja, wakati bado anaweza kunyonyesha.

Watoto 112 waliingia kwenye mpango. 107 walitimiza mwaka na kulipwa. Watano walikufa, ambayo ni kama 44 kwa kila 1,000, mahali palipozoea 122.

Nilikuwa nikiwapa wanafunzi hesabu hii na kuwauliza wanaona nini. Wote walipiga makofi. Nami nikawaambia wapige hesabu tena. Kwa mazoea ya miaka kumi, 112 wangepoteza 13 au 14, wamepoteza watano, tofauti ni watoto tisa. Ni watoto tisa wa kweli, na nyumba tisa hazikuagiza jeneza, lakini kwa mwanatakwimu tisa ni hesabu ndogo inayoweza kuyumbishwa na bahati. Tena nchi nzima ilishuka kutoka 145 mwaka 1904 hadi 128 mwaka 1905, kwa sababu ya hali ya hewa zaidi kuliko wema wa mtu yeyote. Sehemu ya ushindi wa Broadbent ni ya mawingu. Na pauni ikisemwa ni mwaka mmoja katika kitongoji kimoja, kila mwenyeji anajua meya anatazama. Hilo nalo linabadilisha mambo.

Hata hivyo nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu ya kilichofuata bila pauni. Huddersfield iliomba bungeni sheria yake yenyewe, ikaipata 1906: kila kizazi kijulishwe ndani ya saa 48. Kabla ya sheria, mji ulilipa shilingi moja kwa wa kwanza kuleta habari. Wakaajiriwa madaktari wawili wanawake kuzunguka nyumba zenye watoto wapya, wakisaidiwa na wanawake wa mitaa. Mwaka 1907 bunge likafungulia mlango mji wowote unaotaka, muda ukiwa saa 36, na 1915 ikawa lazima nchi nzima. Kadi ya kliniki unayowaandikia mama zako hapo Uingereza, na ile niliyoandikiwa wanangu Muheza, zina ukoo na kadi ile.

Mengine yalikuja pamoja: vyoo vya maji, maziwa ya unga, familia kuzaa watoto wachache, na magari kuchukua nafasi ya farasi. Sikumbuki daktari yeyote aliyeshukuru injini ya petroli kwa kuokoa watoto, lakini lundo la samadi likiondoka, nzi anaondoka. Mwaka 1910 nchi ilikuwa 105. Mwaka 1920 ilikuwa 80.

Kwa hiyo jiwe lako. Kama pauni ya Broadbent ingefika miaka minane mapema, yule wa Februari, siku tisa, angekufa vilevile. Mgeni mwenye kadi hakuwa na cha kumpa. Wa Machi sijui, labda angekuwa na mwili mzito zaidi wa kuhimili kifaduro. Wa Agosti, miezi saba, huyo ndiye ambaye yule mwanamke mlangoni alikuwa akimtafuta. Angeingia jikoni, angeuona mrija umelowekwa kwenye bakuli la maji, na angeomba mkasi.